Mkono wa Dobi

Habari ilianzia bombani, kama habari nyingi za ua ule. Redio alikuwa ameinama akisuuza ndoo yake, na watu walipoona anairudia kuisuuza ndoo ambayo haikuwa na uchafu wowote, wakajua ana jambo tumboni.

"Mnajua kwa nini mkono wa Dobi hautulii?" akauliza. Hakungoja jibu. Walimwita Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia. "Aliunguza suti ya marehemu. Suti aliyokuwa azikwe nayo, mwaiona hiyo? Akaificha, akawapa wenyewe nyingine inayofanana. Sasa marehemu anadai nguo yake. Ndiyo maana mtu mzima anapiga pasi hewani mchana kutwa."

"Marehemu gani huyo?" akauliza mmoja kwenye foleni.

"Na wewe unataka jina! Marehemu ni marehemu."

Wakacheka. Hata hivyo wawili watatu waligeuka kuutazama mlango wa Dobi, na aliyekuwa na kapu la nguo chafu mkononi akalisogeza nyuma ya miguu yake, kana kwamba marehemu angeweza kuliona.

Mama Kinyoya alikuwa kwenye foleni hiyo hiyo, mtoto mgongoni. Mtoto alizaliwa mwepesi kama unyoya, jina likamganda, ingawa sasa alikuwa na mashavu ya kuwatosha watoto wawili. Mama mtu alitaka kumkanusha. Maneno yake yalikuwa na tabia ya kuchelewa, na mengi yalipofika mdomoni yaliwakuta wenzake wameshahamia habari nyingine. Lakini mambo ya Dobi aliyajua kwa sababu alikuwepo.

Ilikuwa mvua. Mvua ile ya ghafla, inayokuja bila kubisha hodi, na Dobi alikuwa ameanika mablanketi ya gesti kwenye kamba ya juu. Akapanda stuli kuyaokoa. Saruji ilikuwa imelowa na sabuni, stuli ikateleza, mtu akaenda chali, kisogo kikagonga ukingo wa karo. Mama Kinyoya aliusikia mlio ule akiwa dirishani kwake, na mpaka leo kifuniko cha sufuria kikianguka moyo wake hushtuka.

Dobi aliinuka, akaketi kwenye maji, akacheka. "Karo limenipiga pasi," akasema. Kisha akatapika. Kisha akaanza kusinzia, huku mvua inamnyeshea usoni, na hapo kila mtu akaacha kucheka.

Hospitali walimkuta damu imevilia ndani ya kichwa, wakaitoa. Alipolala huko, mlango wa duka lake ulifungwa kwa kufuli, na kwenye ukuta uliotenganisha duka na chumba cha Mama Kinyoya pakawa kimya. Kabla ya hapo hakujua kama alikuwa akiusikiliza ukuta ule. Siku zote pasi ilikuwa ikipita upande wa pili, shwaa, ikirudi, shwaa, na Kinyoya alikuwa akilala kwa mlio huo tangu wiki ya kwanza ya maisha yake. Dobi ndiye aliyekuwa akizipiga pasi nguo za huyo mtoto mchanga, vipande vidogo kama leso, akivikunja kwa heshima ile ile ya mashati ya mameneja. "Huyu ndiye mteja wangu mkorofi kuliko wote," alikuwa akisema. "Nampelekea nguo safi, anazijibu kwa mkojo papo hapo."

Akarudi. Alikuwa mwembamba, anatembea amelemea upande mmoja kidogo kama kabati lililopungukiwa kipande cha mguu, na maneno yalitoka taratibu. Lakini alikuwa Dobi yule yule. Ni mkono tu wa kulia.

Mkono ule haukutetemeka, kama wengi walivyosimulia. Ulifanya kazi. Kiganja kilitazama chini, kikapita juu ya paja mpaka kwenye goti, kikainuka kidogo mwishoni, kikarudi. Alipoketi mezani ulipita juu ya meza. Aliposimama ukutani ulipita ukutani. Pasipokuwa na kitu, ulipita hewani. Shwaa, shwaa, tangu anapoamka mpaka usingizi umchukue, na hapo tu ndipo ulipolala naye.

"Unauma?" Mama Kinyoya alimuuliza siku ya kwanza.

"Hauumi, shemeji. Unachosha tu. Ni kama kuwa na mgeni asiyejua kuaga." Alimwita shemeji kwa sababu yeye na mume wa Mama Kinyoya, utingo wa lori la masafa marefu, walikuwa marafiki wa siku nyingi.

Kumwangalia alikuja dada yake mkubwa. Huyu alikuwa mpishi wa shule ya bweni katika mji mwingine, na alizoea kuamrisha masufuria na watu kwa sauti moja. Aliomba likizo, akafika na begi moja, na kufikia jioni ya siku ile ile chumba cha nyuma ya duka kilikuwa kimefagiliwa mpaka chini ya kitanda. Watu wote wakamwita Dada Mkubwa, hata waliomzidi umri.

Siku ya kurudi kwa daktari, Mama Kinyoya alifuatana nao, maana Kinyoya naye alikuwa na siku yake ya kupimwa uzito. Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye macho ya mtu aliyekosa usingizi. Aliuangalia mkono kwa muda mrefu bila kuushika.

"Huu si wazimu," akasema, "na wala hafanyi makusudi. Ubongo uliumia. Pale panapouambia mkono 'anza' pako hai. Pale panapouambia 'basi, imetosha' ndipo palipolegea. Kwa hiyo mkono unarudia, na unarudia kitu unachokijua kuliko vyote."

"Utapona?" Dada Mkubwa akauliza.

"Dawa itaupunguza kidogo. Kwa wengine hupungua zaidi kadiri miezi inavyokwenda. Kuisha kabisa, mama, siwezi kukuahidi. Msimfunge, msimkaripie. Akichoka au akiudhika utazidi. Na muangalie ni wakati gani unapumzika, mje mniambie."

Dada Mkubwa alishika habari ya dawa. Mama Kinyoya alishika yale maneno ya mwisho.

Uani, huku nyuma, mambo yalikuwa yanakwenda mrama. Watoto walijipanga dirishani kwa Dobi wakipiga pasi hewani, wote kwa pamoja kama kwaya, mpaka mama zao walipowavuta masikio. Wateja walikuja kuchukua nguo zao, wakashukuru sana, wakapeleka kwingine. Mmoja alisema wazi: "Si kwa ubaya, Dobi. Ila shati langu nalipenda."

"Hata mimi nalipenda," akajibu Dobi. "Lile la bluu, lenye kifungo kimoja cha kuazima."

Dada Mkubwa akaona dawa ya wateja ni kuuficha mkono. Akachana shuka kuukuu, akaufunga mkono wa kaka yake kiunoni, akamvika koti juu yake. Akamkalisha mlangoni apunge hewa, aonekane mtu wa kawaida. Haikuchukua muda. Bega ndilo lililoanza, juu na chini ndani ya koti, kisha shingo, kisha taya. Jasho likamtiririka. Dobi alielekeza macho kwenye karo.

Mama Kinyoya alikuwa akianika nguo. Akaja polepole. "Dada, daktari alisema asifungwe."

"Daktari halali naye chumba kimoja!" Dada Mkubwa akafoka. Kisha akamtazama kaka yake vizuri, akaona taya linavyokwenda. Akamvua koti. Fundo la shuka lilikuwa limekaza, ikabidi alifungue kwa meno. Mkono ulipopata nafasi ulishuka pajani na kuanza kazi yake, na Dobi akashusha pumzi kama mtu aliyefika nyumbani.

"Usirudie, Dada," akasema. "Ukiufunga mkono, mwili mzima unaitwa kazini."

Dada Mkubwa aliketi kwenye kizingiti, lile shuka mapajani mwake. "Likizo yangu inaisha mwisho wa wiki," akasema, safari hii bila kuamrisha. "Nitakuachaje hapa, na pasi ya moto, na mkono usiosikia? Tutalifunga duka. Utakuja kukaa kwangu."

"Nikae nikifanya nini?"

"Ukae tu."

"Nguo inayokaa tu huliwa na nondo, Dada."

"Afadhali iliwe na nondo kuliko iungue."

Basi likawa hivyo. Kila aliyepita bombani alijua kwamba Ijumaa asubuhi gari lingekuja kumchukua Dobi, na kwamba mwenye nyumba alikuwa na mtu wa vocha za simu anayelitaka lile duka.

Siku zilizobaki, Mama Kinyoya alifanya alichoambiwa na daktari. Hakuna aliyemtuma. Alikwenda tu kwa Dobi na ushonaji wake wa vifungo, akaketi, akaangalia. Aliona kwamba mkono haukupumzika wakati wa kula. Kijiko kilishikwa na wa kushoto, wa kulia ukaendelea na meza. Haukupumzika kwa kusema nao wala kwa kuupa chupa ya maji ya kunyunyizia. Ulikwenda nayo chupa, ukalowesha ukuta.

Kisha Kinyoya, ambaye alikuwa ameanza kutambaa, akatambaa mpaka kwenye mguu wa Dobi, akajivuta juu kwa suruali yake, akasimama akiyumba. Akauona mkono unapita mbele ya uso wake kama kitu cha kuchezea. Akaudaka kwenye kifundo.

Mkono ukasimama.

Dobi aliutazama kama unavyomtazama mtu aliyenyamaza ghafla katikati ya ugomvi. Kinyoya akacheka, akaachia, akaanguka makalio chini. Mkono ukakaa kimya kidogo, kisha ukaanza tena.

"Umeona?" Dobi akauliza.

"Nimeona." Mama Kinyoya akaweka sindano chini. "Naomba nikuguse hapo hapo alipokushika."

"Gusa, lakini mume wako akirudi nitasema wewe ndiye uliyeanza."

Akaweka vidole viwili juu ya mfupa wa kifundo, si kwa nguvu, kama mtu anayepima maziwa ya mtoto. Mkono ukasimama. Akaondoa, ukaanza. Akaweka, ukasimama. Wakafanya hivyo mpaka Kinyoya alipochoka kupiga makofi.

Mama Kinyoya alitaka kumwambia Dada Mkubwa jioni ile. Lakini alimkuta akihesabu vitu vya kufungasha kwa sauti, akifoka, akipangusa machozi kwa kiwiko, na maneno yakachelewa kama kawaida yake. Akasema atasema kesho.

Kesho yake, Alhamisi, Dada Mkubwa alikwenda kupatana na dereva wa gari. Mama Kinyoya alikuwa bafuni anamwogesha mtoto. Na Dobi, ambaye tangu jana alikuwa na furaha isiyo na pa kwenda, akachomeka pasi kwenye umeme. Alitaka kumpa dada yake zawadi: sketi yake nzuri ya kijani, iliyokuwa juu ya mzigo, imekunjamana. Alilowesha kidole, akaonja chuma: chs. Moto wa sawasawa. Akanyunyiza maji, akaanza, na kila mkunjo ulifunguka mbele yake kama zamani. Sketi ikanyooka. Ikanyooka kabisa. Na mkono ukaendelea. Alijaribu kuukamata kwa ule wa kushoto. Ukamburuta nao, na pasi ikakwama kwenye pindo.

Harufu ndiyo iliyomtoa Mama Kinyoya bafuni, mtoto ana povu kichwani. Redio alimtangulia. Alikuwa ameng'oa waya ukutani, hilo hakuna wa kumnyima, na sasa alikuwa amesimama mlangoni mikono kiunoni.

"Lisemwalo lipo, na kama halipo laja! Si nilisema anaunguza nguo?"

"Redio," akasema Dobi, sauti imemkauka, "safari hii umetangaza habari kabla ya tukio."

Dada Mkubwa aliporudi hakupiga kelele, na hilo lilimtisha kila mtu. Aliinyanyua sketi. Alama ya pasi ilikuwa katikati, ya kahawia, ncha yake imechongoka, unaweza kuona mpaka matundu ya mvuke. Akaikunja. Akazungusha waya kwenye pasi iliyopoa, akaiingiza kwenye mzigo, akaanza kufunga fundo.

"Gari linakuja saa moja asubuhi," akasema.

Mkono wa Dobi ulikuwa unakwenda mbio kuliko siku zote, shwaa shwaa shwaa, mpaka kiti kikawa kinalia.

"Dada, usilifunge," akasema Mama Kinyoya.

Wote wakageuka, na yeye mwenyewe akashangaa, maana kwa mara ya kwanza maneno yake yalikuwa yamewahi.

"Mkono unaacha. Nimeuona. Ukiguswa kwenye kifundo, unaacha."

"Mtoto wa watu," Dada Mkubwa akasema, "usinipe matumaini mchana huu. Sina pa kuyaweka."

Mama Kinyoya alimsogelea Dobi. Akaweka vidole vyake viwili kwenye kifundo. Kiti kikanyamaza. Chumba chote kikanyamaza, hata Redio.

"Washa pasi, Dada," akasema Dobi polepole. "Lete foronya, ile iliyochanika. Ikiungua tumepoteza tambara."

Dada Mkubwa akafungua mzigo. Akachomeka pasi kwa mkono wake mwenyewe, kisha akaenda kujaza ndoo ya maji, akasimama nayo kando ya meza kama zimamoto.

Mara ya kwanza nusura iharibike. Mama Kinyoya alishikwa na woga, akagusa mapema, pasi ikiwa katikati ya safari yake. Mkono ukatii. Ulisimama pale pale, na pasi ikabaki imelala juu ya kitambaa, moshi mwembamba ukaanza kupanda. Dada Mkubwa akainua ndoo.

"Achia!" Dobi akasema. "Achia, ujiendee!"

Akaachia. Pasi ikaondoka.

Mama Kinyoya alikuwa anatoka jasho. Lakini macho yake yalikuwa kwenye mkono, na mkono ule alikuwa ameuangalia siku nyingi kuliko mtu yeyote chumbani mle. Ulikwenda mpaka ukingoni. Ukainuka kidogo, kama anavyoinua dobi yeyote anapomaliza mstari. Ukarudi. Ukaenda mpaka ukingoni. Ukainuka.

Akagusa hapo.

Pasi ikasimama hewani, inafuka mvuke, haijagusa kitu. Dobi akaipokea kwa mkono wa kushoto, akaisimamisha wima juu ya meza. Kisha, mkono wa kulia ukiwa bado chini ya vidole vya jirani yake, akaikunja foronya mara mbili, akaipapasa, akaisukuma mbele ya dada yake.

Dada Mkubwa akaweka ndoo chini. Akaipeleka foronya mlangoni kwenye mwanga, akaigeuza, akainusa, akaiweka shavuni. Alirudi kwenye mzigo akachimba mpaka chini, akatoa blauzi ya kijani, mwenzi wa ile sketi.

"Sketi imeshakwenda," akasema. "Hii nitaivaa kazini Jumatatu. Ikiungua, kaka yangu, unapanda gari na usiniambie kitu."

Ilichukua muda. Mikono mifupi ina mishono ya kona, na kola ina mambo yake. Mama Kinyoya alijifunza kutotazama pasi, atazame mfupa tu. Mahali pamoja nusura wapishane, Dobi akamnong'oneza, "Sasa," akagusa, na ikawa salama. Blauzi ilipotundikwa msumarini, Redio alikuwa wa kwanza kusema, "Lo! Hata ya dukani haiko hivyo," kisha akatoka haraka kwenda bombani, na ndoo hakuwa nayo.

Asubuhi gari lilikuja. Dada Mkubwa akapakia begi moja, lile alilokuja nalo. Mlangoni akampa Mama Kinyoya pasi, waya umezungushwa vizuri.

"Hii italala kwako," akasema. "Hatawasha peke yake, hata siku moja. Likizo ijayo nakuja. Nikikuta alama moja tu ya pasi kwenye nguo ya mtu, naondoka naye." Kisha akamshika Kinyoya shavu, akalivuta. "Na wewe ndiye daktari mkubwa." Akapanda gari bila kugeuka, kwa sababu alikuwa analia na hakupenda kuonwa.

Mama Kinyoya akaingia ndani, akaiweka pasi juu ya kabati mahali mtoto asipofika. Upande wa pili wa ukuta mkono ulianza, shwaa, shwaa. Kinyoya akainua kichwa akasikiliza. Kisha ukuta ukabishwa, ngo ngo ngo, kwa mkono wa kushoto.

"Shemeji! Mtu wa gesti ameniletea mashuka. Nimemwambia nina msaidizi, amekubali kujaribu manne." Akabisha tena. "Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Niazime vyako viwili. Njoo na pasi, ukae kulia kwangu mpaka adhuhuri. Na Kinyoya mpelekee Redio amshike, angalau leo na yeye awe na kazi."